Kwa Nini Sahani Zilizo Bora Zilikosa Wanunuzi

Nitajapo neno sahani nadhani wengi wenu mtafikiri chakula cha jioni. Hata katika Kinyarwanda twasema isahani, na maana yake ni ile ile. Lakini wazee wetu walipopata kinanda cha santuri, kile kipande cheusi cha mviringo walichokiweka juu yake nacho walikiita sahani, nami nitaifuata desturi yao katika makala haya. Kila nisemapo sahani, iwe ya santuri, iwe CD, iwe nyingine yo yote, fahamuni kwamba ni ile ya kusikiliza, si ya kulia.

Habari ninayotaka kuwaeleza ni ya sahani mbili zilizoanza kushindana mwaka 1999 na 2000, moja ikiitwa SACD na ya pili DVD-Audio. Kila moja ilinasa sauti kwa utimilifu mkubwa kuliko CD, kila moja ilikuwa na makampuni makubwa nyuma yake, na kila moja ilikosa wanunuzi. Hapa Kigali sijapata kumwona mtu aliyenunua hata moja, na nimewauliza wengi. Huenda mtasema, "Basi yatuhusu nini?" Yatuhusu kwa sababu mwaka huu kwaya yetu imekusanya fedha ili nyimbo zake zinaswe, na Chama cha Mdahalo kimekwisha kubishana mara mbili juu ya chombo cha kuzitia. Kundi moja lataka CD, kama walivyofanya kaka zetu waliomaliza. Kundi la pili lataka flashi. Kundi la tatu lasema zitiwe katika simu tu, na fedha zinunue ngoma mpya. Mimi sikupata nafasi ya kusema siku ile, maana kengele ililia, basi nasema hapa.

Kwanza tujue sauti huwekwaje katika sahani. Katika santuri ya zamani mtetemo wa sauti ulichorwa kama mfereji mwembamba uendao kombokombo. Sindano ilipopita humo ilitetemeka vile vile, na sauti ikarudi. CD haichori mtetemo, huupima. Fikirini mtu aliyekaa ukingoni mwa mto Nyabarongo, akipima kimo cha maji na kuandika tarakimu katika daftari. Akipima mara moja kwa siku, atajua masika na kiangazi, lakini hatajua mawimbi madogo yaliyofanywa na mtumbwi uliopita. Akipima mara nyingi katika kila sekunde, hata mawimbi ya mtumbwi yataonekana katika daftari lake. Mashine ya kunasia CD huipima sauti mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16, yaani kuna ngazi 65,536 za kuchagua tangu chini kabisa hata juu kabisa.

Kwa nini 44,100? Kanuni yenyewe ni kwamba mtu atakaye kunasa mtetemo hana budi kupima zaidi ya mara mbili kwa kila mtetemo mmoja. Sikio la kijana mwenye afya husikia mitetemo ipatayo 20,000 kwa sekunde. Mara mbili yake ni 40,000. Iliyobaki ni ziada kwa ajili ya kazi za mafundi. Sikio la mtu mzima husikia pungufu ya hapo, nao walimu wetu wasikasirike nikisema hivyo. Tena kila biti moja huongeza kiasi cha desibeli 6 kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa inayoweza kunaswa, kwa hiyo biti 16 hutupa desibeli 96 hivi. Hizo zatosha mnong'ono na ngoma katika sahani moja.

Sasa chukueni kalamu. Vipimo 44,100, mara biti 16, mara njia mbili, ya kushoto na ya kulia, ni biti 1,411,200 kila sekunde. Hiyo ndiyo CD, iliyotengenezwa na Philips ya Uholanzi pamoja na Sony ya Japani, ikaanza kuuzwa huko Japani mwezi wa Oktoba 1982.

Makampuni hayo hayo mawili ndiyo yaliyotoa SACD mwaka 1999. Sahani hiyo huenda kwa njia nyingine. Kila kipimo chake ni biti moja tu, kama mtu asemaye "juu" au "chini" bila kutaja kimo, lakini husema hivyo mara 2,822,400 kila sekunde. Kwa njia mbili ni biti 5,644,800, mara nne kamili ya CD. Mpinzani wake, DVD-Audio, aliungwa mkono na Toshiba na Matsushita, wenye mashine za Panasonic, akaingia madukani mwaka 2000. Huyu alifuata njia ya CD na kuizidisha: hata vipimo 192,000 kwa sekunde, kila kimoja biti 24. Zidisheni wenyewe, mtapata biti 9,216,000 kwa njia mbili, zaidi ya mara sita ya CD. Tena sahani zote mbili ziliweza kubeba njia sita za sauti badala ya mbili, ili msikilizaji azungukwe na spika pande zote kama aliyeketi katikati ya waimbaji.

Kwa hesabu za darasani, basi, CD ilikuwa imekwisha shindwa. Tuone yaliyotukia sokoni.

Mashine ya kwanza ya SACD, Sony SCD-1, iliuzwa kwa dola 5,000 za Marekani. DVD-Audio ilichelewa kabla hata ya kuanza, maana mwishoni mwa mwaka 1999 kijana mmoja wa Norway na wenzake waliifungua kufuli ya siri iliyozuia kunakili filamu za DVD, na makampuni yakaogopa kwamba kufuli ya sahani mpya nayo itafunguliwa. Woga huo wa wizi uliharibu mambo mengi. Kwa kuwa hawakutaka mtu anakili tarakimu safi, watengenezaji hawakuruhusu zitoke katika mashine kwa waya mmoja wa kawaida, na aliyetaka kusikia njia zote sita ilimpasa kuunga nyaya sita. Katika sahani nyingi za DVD-Audio ilifaa pia kuwasha televisheni ili kuchagua wimbo! Mtu aliyezoea kutia CD na kubonyeza kitufe kimoja, mnadhani alisemaje?

Tena mnunuzi alitakiwa kuchagua upande kama ashabikiavyo timu ya mpira. Nyimbo za kampuni ya Sony zilitoka katika SACD, za kampuni ya Warner katika DVD-Audio, na mashine ya huyu haikusoma sahani ya yule. Baadaye zilitoka mashine zilizosoma zote mbili, lakini watu wengi walikwisha kuamua kungoja waone nani atashinda, na anayengoja hanunui.

SACD ilikuwa na hila moja nzuri ambayo mpinzani wake hakuipata vema. Sahani yake iliweza kufanywa ya tabaka mbili, moja ya SACD na moja ya CD ya kawaida, hata ikachezwa katika mashine yo yote ya CD. Nyimbo za Rolling Stones zilitolewa upya hivyo mwaka 2002, na mwaka 2003 ikafuata sahani mashuhuri ya Pink Floyd iitwayo The Dark Side of the Moon. Watu walizinunua, lakini walio wengi walizicheza katika mashine zao za CD, na tabaka lile bora likakaa humo bila kusikiwa na mtu. Kufika mwaka 2007 DVD-Audio ilikuwa karibu kutoweka. SACD haikufa kabisa, bado hutolewa hata leo kwa wapenzi wa muziki wa kale wa Ulaya na kwa Wajapani, lakini hawa ni wachache.

Na mwaka ule ule wa 1999 ambao SACD ilizaliwa, vijana wa Marekani walikuwa wakipeana nyimbo bure kwa njia ya Napster, zikiwa zimebanwa kwa MP3. MP3 ya kawaida ya siku zile ilikuwa na biti 128,000 kila sekunde, yaani sehemu moja ya kumi na moja ya CD. Mwaka 2001 ikaja iPod, iliyochukua nyimbo 1,000 mfukoni, na mwaka 2003 duka la iTunes likaanza kuuza wimbo mmoja kwa senti 99. Wahandisi walipanda mlima upande mmoja, wanunuzi wakashuka upande wa pili.

Je, wanunuzi hao walikuwa viziwi? Swali hili lilipimwa kwa uangalifu. Mwaka 2007 Brad Meyer na David Moran wa Boston walitoa matokeo ya majaribio yao, ambayo wasikilizaji walisikilizishwa sauti ya sahani bora kama ilivyo, au sauti hiyo hiyo iliyopitishwa katika kipimo cha CD, bila kuambiwa ni ipi. Katika majaribio 554 majibu sahihi yalikuwa nusu tu, kama ya mtu arushaye sarafu. Mwaka 2016 Joshua Reiss wa Queen Mary, London, alikusanya majaribio ya watafiti mbalimbali, zaidi ya 12,000 kwa jumla, akaona kwamba tofauti ipo lakini ni ndogo mno: majibu sahihi kama 52 katika 100, na waliofundishwa kusikiliza wakizidi kidogo hapo. Mimi naona hukumu hizi mbili hazigombani. Tofauti ambayo hutafutwa kwa majaribio 12,000 haiwezi kumfanya baba wa watoto watano anunue mashine mpya.

Mwenye kutaka aweza kujaribu mwenyewe hapa shuleni. Chukua wimbo mmoja wa CD, fanya nakala yake ya MP3, kisha mwenzako arushe sarafu na kukuchezea huu au ule, sauti zikiwa zimesawazishwa kabisa, maana sikio hudhani iliyo kubwa ndiyo iliyo nzuri. Jibu mara 16. Ukipata 12 au zaidi, una haki ya kujisifu, kwa kuwa bahati peke yake ingekupa hivyo chini ya mara 4 katika 100. (Njia za sarafu 16 kuanguka ni 65,536, na hesabu hii ndiyo ile ile ya ngazi za CD, wa mwaka wa nne watatueleza kwa nini.)

Watu wa Afrika ya Mashariki walipata kuona mashindano ya sahani zamani kuliko hayo, na mwisho wake ulikuwa tofauti. Mwezi wa Machi 1928 Siti binti Saad wa Unguja na wenzake walivuka bahari mpaka Bombay, wakanasa nyimbo zao kwa kampuni ya His Master's Voice. Sahani za siku zile zilifanywa kwa shelaki, utomvu utolewao na wadudu wa India, nazo zilivunjika kama kigae. Zilizunguka mara 78 kwa dakika, na kila upande ulichukua kama dakika tatu, wimbo ukitaka usitake. Hali ilikuwa hivyo mpaka mwaka 1948, kampuni ya Columbia ya Marekani ilipotoa sahani ya plastiki izungukayo mara 33 na theluthi, yenye zaidi ya dakika 20 kila upande. Mwaka uliofuata RCA Victor wakajibu kwa sahani ndogo ya mizunguko 45, yenye tundu kubwa katikati. Wanunuzi wakasita, kama walivyosita baadaye mwaka 2000. Lakini baada ya miaka michache makampuni yakapatana: kila moja ikatoa namna zote mbili, na vinanda vikatengenezwa vyenye mwendo zaidi ya mmoja.

Kwa nini hawa walipatana na wale wa mwaka 2000 hawakupata cho chote? Kwa sababu faida ya mwaka 1948 ilionekana hata kwa asiyejua muziki, akitazama saa ya ukutani tu. Dakika tatu zimekuwa 20. Na ile ya 45 nayo ilikuwa nyepesi na haivunjiki, yatosha wimbo mmoja autakao mteja wa baa. Ndiyo sahani iliyoenea katika miji yetu. Nyimbo za Kongo zilikuja nayo, na Nairobi kulikuwa na viwanda vya kuibonyeza, hata wapiga muziki wa Tanzania kama Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro walitoa sahani zao huko.

Kisha ikaja kaseti ya Philips, iliyoonyeshwa Berlin mwaka 1963. Utepe wake hauzidi milimita 4 kwa upana, nao huenda polepole, chini ya sentimita 5 kwa sekunde, kwa hiyo sauti yake ilikuwa na mvumo kama mvua ya mbali. Kwa sauti tu santuri nzuri iliishinda. Lakini Philips waliwaachia wengine watengeneze kaseti bila malipo ili mradi wafuate kipimo kile kile, na matokeo yake kaseti ya nchi yo yote iliingia katika mashine ya nchi yo yote. Na katika nchi ya vilima kama yetu, ambako umeme ulikuwa haujafika katika nyumba nyingi, redio-kaseti ilikwenda kwa betri. Baba zetu wanakumbuka walivyorudisha utepe kwa kalamu ya Bic ili wasimalize betri bure. Zaidi ya yote, kaseti ilimpa mtu wa kawaida uwezo ambao santuri haikumpa: kunasa. Aliweza kunasa nyimbo za Orchestre Impala kutoka Radio Rwanda, harusi ya dada yake, mahubiri, mazoezi ya kwaya, hata salamu za kumpelekea ndugu aliye mbali.

Mjomba wangu alikuwa na kibanda cha kuuza sahani huko Nyamirambo tangu mwaka 2005, wakati CD zilipokuwa zikiondoa kaseti, nami nimemwuliza sana juu ya wateja wake. Asema hakuna hata mmoja aliyepata kumwuliza juu ya uzuri wa sauti. Waliuliza maswali mawili: "Itacheza katika mashine yangu?" na "Ina nyimbo ngapi?" Mashine zao nyingi zilitoka China, nazo zilisoma karibu kila kitu: CD, VCD, DVD, na ile sahani ya MP3. SACD hazikuisoma. Swali la pili tulifanyie hesabu. Sahani ya kunakilia huchukua baiti milioni 700. Ukiweka nyimbo kwa namna ya CD, zitaingia 18 au 20. Ukiziweka kwa MP3 ya biti 128,000, utapata zaidi ya saa 12, yaani kama nyimbo 180 za dakika nne nne. Mwenye baa au mwenye basi angechagua ipi?

VCD ina habari yake. Kipimo chake kiliwekwa mwaka 1993, na picha yake ni hafifu kuliko ya DVD, uso wa mtu huonekana kama umefanywa kwa vigae vidogo. Hata hivyo ndiyo iliyopendwa kwa kwaya, kwa sababu watu walitaka kuona. Mama hakununua sauti ya altu na besi peke yake, alinunua imishanana ya waimbaji, na kilima walichosimama, na binti yake katika mstari wa pili. Na juu ya agasobanuye, zile filamu za kigeni zinazosimuliwa kwa Kinyarwanda, sina haja ya kueleza, kila mtu alizitazama ingawa sauti ya msimulizi hufunika nusu ya sauti ya filamu. Mwaka 2013 mjomba alifunga kazi ya sahani. Wateja walikwisha kuanza kuja na flashi na kadi za simu, wakitaka kujaziwa nyimbo, na siku hizi hata hao hawaji, husikiliza katika simu zao.

Kwa hiyo naona sahani huishi kwa wingi wa mashine zinazoipokea na kwa wingi wa jirani wanaoweza kuazimana. Sikio huja nyuma. Kuhusu kueneza nyimbo za kwaya, basi, wa kundi la CD wanisamehe, wamechelewa. Kompyuta mpya nyingi hazina tena mahali pa kutia sahani. Nyimbo ziende katika simu za watu, kwa MP3 au namna nyingine iliyobanwa, nao watazisikia vizuri kabisa.

Lakini kueneza ni jambo moja na kuhifadhi ni jambo la pili, na mdahalo wetu uliyafunga mawili kama ni moja. MP3 hubana kwa kutupa: huondoa yale inayodhani sikio halitayasikia, na yaliyotupwa hayarudi. Ukinakili mara nyingi kwa kubana tena na tena, uharibifu huongezeka. Fundi wa kesho atakayetaka kuondoa kelele katika wimbo, au kumsikia mwimbaji mmoja kati ya kumi, atahitaji tarakimu zote. Hapo ndipo zile hesabu kubwa za DVD-Audio zimepata kazi yake ya haki. Chama cha watunza sauti duniani, IASA, hushauri kwamba kanda za zamani zinakiliwe kwa biti 24 na vipimo visivyopungua 48,000 kwa sekunde, na wengi hutumia 96,000. Hata wasikilizaji wa kawaida wameletewa sauti hiyo bila sahani. Mwaka 2021 kampuni ya Apple ilianza kuitoa kwa wateja wake wa muziki bila kuongeza bei, na sasa ni juu yao kuisikia au kutoisikia.

Mwaka 1952 Hugh Tracey alipita Rwanda akinasa muziki, ukiwamo ule wa baraza ya Mwami. Yale aliyoyanasa yalitunzwa katika maktaba ya muziki aliyoianzisha Afrika ya Kusini mwaka 1954, na baada ya miaka mingi yakatolewa katika CD. Vivyo hivyo mwaka 2021 jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, liliikabidhi nchi yetu nakala za nyimbo zaidi ya 4,000 zilizonaswa hapa. Tuliweza kuzipokea kwa sababu kanda za asili zilitunzwa mahali pakavu pamoja na mashine za kuzichezea. Naliona jambo la kuchoma kidogo kwamba nyimbo za bibi zetu zimetoka Ulaya, lakini ni afadhali zimetoka.

Hapa kwetu hali ni nyingine. Nyimbo za Cyprien Rugamba, aliyeuawa pamoja na mkewe Daphrose na watoto wao kadhaa tarehe 7 Aprili 1994, twazisikia hata leo kwa kuwa zilinaswa na zikabaki. Lakini kwa kila mtunzi mashuhuri aliyebaki katika kanda, kuna watu wengi wasiojulikana ambao sauti yao imo katika kaseti moja tu, chini ya kitanda cha mtu. Mama wa rafiki yangu anayo kaseti ya kwaya ya parokia yake, iliyonaswa mwaka 1989. Dada zake wawili wanaimba humo, na hakuna sauti yao nyingine iliyobaki duniani. Asema hajaicheza kwa miaka mingi, kwa sababu mashine ya mwisho aliyokuwa nayo ilianza kula utepe, na anaogopa. Kaseti ya miaka 35 haingoji sana: utepe hunata, unyevu wa masika huleta ukungu, na mashine zenyewe zinakwisha.

Kwa hiyo nimemwomba mwalimu wetu wa fizikia, naye amekubali, kwamba katika fedha za kwaya sehemu ndogo inunue kifaa cha kuunganisha redio-kaseti na kompyuta ya maabara. Nyimbo mpya za kwaya zitanaswa kwa biti 24 na vipimo 96,000. Kwa njia mbili saa moja yahitaji baiti kama milioni 2,074, nayo flashi ya baiti bilioni 64 yatosha saa 30. Zitawekwa nakala tatu, mbili shuleni katika majengo mbalimbali na moja nje ya shule, na kila mwaka mtu atazifungua kuona kwamba zinasomeka. Zisiwekwe katika CD za kunakilia peke yake, kwani zile alizobaki nazo mjomba wangu zilizokaa juani dirishani nyingine hazifunguki tena. Nakala za kugawa zitabanwa kwa MP3, na kila mtu atachukua atakavyo.

Nanyi kaka zetu mliomaliza, tafuteni majumbani kwenu. Mkipata kaseti ya zamani, msiijaribu kwanza katika mashine yo yote mnayoikuta. Vunjeni vile vipande viwili vidogo vya plastiki vilivyo ukingoni mwake nyuma, ili mtu asinase kitu juu yake kwa bahati mbaya. Iwekeni kwa kusimama, mbali na spika, maana ndani ya spika mna sumaku. Andikeni katika karatasi ni nani wanaoimba, wapi, na mwaka gani, na kama mwawajua wasimamao upande gani semeni. Mashine tuliyo nayo ni moja tu, mpira wake umebadilishwa juzi, na kaseti ya dakika 90 huchukua dakika 90 kamili wala haiwezi kuharakishwa. Kwa hiyo leteni chache chache, Jumamosi alasiri katika maabara ya fizikia, hata ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwa kuwa saa hizo umuganda huwa umekwisha.